Twajua na Hatufanyi: Habari ya Maji ya Udhu

Mwezi uliopita tulipata barua ya mama mmoja katika wasomaji wetu, nayo imekaa mezani petu siku nyingi kwa kuwa jawabu yake haikuwa nyepesi. Asema mama huyo ya kwamba mwanawe wa miaka kumi na miwili amehifadhi hadithi zote za israfu alizosomeshwa chuoni, na akiulizwa huzisoma pasina kukosea hata irabu moja; lakini akisimama penye mfereji wa maji kutia udhu, huyaacha maji yaende tangu bismillahi mpaka kifundo cha mguu wa kushoto. Kisha auliza: "Je, mwanangu hayaamini ayasomayo? Au nyinyi walimu hamsomeshi sawasawa?"

Twamwambia kwanza: mwanao aamini, usimdhanie vibaya. Ama hilo la pili, la walimu, ndilo lililotukawilisha.

Watu wengi hudhani ya kwamba baina ya kujua na kutenda pana hatua moja tu, na aliyejua kisha asitende ni mjeuri au ni mnafiki. Sisi nasi tulidhani hivyo kwa miaka mingi ya kazi yetu, hata yakatukuta mambo tutakayoyaeleza.

Madrasa yetu ina kisima kimoja. Pampu hupandisha maji tangini, na kutoka tangini huja kwenye mifereji sita ya udhu. Kisima hicho si chetu peke yetu; nyuma ya ukuta ziko nyumba ambazo watu wake huteka humo tangu zamani za babu zao. Na mji wetu uko pwani. Wenye kukaa pwani wajua ya kuwa maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwani matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukiteka kwa kiasi, mvua hurudisha ulichoteka. Ukivuta kwa pampu zaidi ya iletavyo mvua, yale ya chini hupanda, na kisima huanza kuonja chumvi.

Basi mwaka mmoja, katika jua la kaskazi, bibi mmoja jirani yetu alikuja mlangoni mwa madrasa na gilasi ya maji mkononi. Hakutoa maneno mengi baada ya salamu. Alisema, "Maalim, onja." Tukaonja. Akasema, "Haya ndiyo ninayompikia uji mjukuu wangu. Nami nawasikia watoto wako alasiri nzima wakiyamwaga." Kisha akaenda zake, na gilasi akatuachia.

Siku ile ile tulitafuta ubao, tukaandika kwa mkono wetu, kwa khati ambayo wajuao huisifu, habari iliyopokewa na Ibn Majah: ya kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia Saad akitawadha, akamkanya israfu, Saad akauliza kama katika udhu nako kuna israfu, akajibiwa ya kuwa iko, ijapokuwa mtu yuko kwenye mto upitao. Wajuzi wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake, lakini maana yake haina mzozo, kwani imethibiti katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Anas, ya kwamba Mtume akitawadha kwa mudi moja ya maji na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni mfano wa kibaba chetu, kadiri ya viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojaa. Haifiki lita moja.

Ubao ukatundikwa juu ya mifereji. Watoto wakausoma kwa sauti, wakausifu, wakatawadha kama walivyotawadha jana.

Tulipomweleza habari hii kijana mmoja tuliyemsomesha zamani, ambaye sasa asoma chuo kikuu, alicheka akatuambia ya kwamba kuna wanavyuoni wa elimu ya nafsi waliofanya kama tulivyofanya, tena wakahesabu. Akatufasiria. Katika chuo kikuu cha California, huko Santa Cruz, bwana mmoja jina lake Elliot Aronson, yeye na mwenziwe Michael O'Leary, walitaka vijana waogao baada ya michezo wayafunge maji ya manyunyu wakati wa kujipaka sabuni, kisha wayafungue kwa kujisuuza. Wakatundika tangazo ukutani. Katika kila waogaji 100, waliofuata ni 6. Wakaliweka tangazo palipo wazi zaidi, mtu asiweze kupita asilione, wakafika 19. Kisha wakamweka kijana wao mmoja bafuni, ambaye kila aingiapo mtu hufunga maji, hujipaka sabuni, hufungua, hujisuuza, wala hasemi neno wala hamtazami mtu. Waliofanya kama yeye wakafika 49. Wakaweka vijana wawili badala ya mmoja: wakafika 67. Habari hii ilitangazwa mwaka wa 1983.

Nasi tulicheka, kisha tukanyamaza. Ubao wetu na khati yetu vilikuwa katika wale 6.

Na jambo lililotuumiza zaidi ni kwamba hatukuhitaji kwenda California. Kila mwaka twasomesha habari ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Mkataba umekwisha kuandikwa, Waislamu wamezuiliwa kuingia Makka, nyoyo zao zimevunjika. Mtume (s.a.w.) akawaambia masahaba wasimame wachinje wanyama wao na wanyoe vichwa. Hakusimama mtu. Akasema tena, na mara ya tatu, hakusimama mtu. Na hawa ndio wale wale waliokwisha kumpa mkono chini ya mti, hakuna awezaye kusema ya kwamba hawakuamini au hawakuelewa. Akaingia kwa Bibi Ummu Salama akamweleza. Bibi huyo, Mwenyezi Mungu amridhie, hakumpa hotuba ya nne akaitoe. Alimshauri atoke, asimsemeze mtu yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Akafanya hivyo. Walipomwona, wakainuka wote, wakachinja, wakanyoana wao kwa wao kwa haraka na huzuni, hata wakakaribia kuumizana. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari, nasi tulikuwa tukikisomesha kama tarehe tu, mwaka gani, watu wangapi, masharti ya mkataba ni yapi. Ya kwamba ndani yake mna elimu ya nafsi, na mwenye elimu hiyo ni mwanamke aliyekuwa hemani, hayo hatukuyatia moyoni. Kadhalika Sayyidna Uthman, alipotaka kuwaonyesha watu udhu wa Mtume, aliagiza chombo cha maji akatawadha mbele yao.

Sasa yatupasa tuseme jambo ambalo tungependa kulificha. Baada ya kusikia hayo tulikusudia kuwachagua vijana wawili wawe kiigizo kwa wenzao. Tulipokuwa twatawadha alasiri, mtoto mmoja wa miaka tisa, ambaye ulimi wake hauna breki, alisimama kando yetu akatazama, akasema, "Maalim, na wewe huufungi."

Ilitujia kusema "Adabu!" Neno lilifika kwenye meno. Lakini wenzake walikwisha kusikia, na wote walikuwa wakitutazama mikono. Tukamwambia alete ndoo aiweke chini ya mfereji wetu, nasi tukatia udhu kama tulivyozoea. Ndoo ile ni ya lita 10. Ilijaa kabla hatujafika miguuni. Sisi tulioandika ubao, tulikuwa twatumia mudi kumi na kuzidi.

Usiku ule tulijiuliza tumeanza lini. Utotoni mwetu tulitawadha katika birika la msikiti wa mtaani, birika la chokaa lenye ukingo uliolainika kwa kukaliwa na watu. Ndani mlikuwa na visamaki vidogo vya kula vifaranga vya mbu, na chini kabisa lilijengewa bakuli la kaure ambamo visamaki hujikusanya maji yakipungua. Kila mtu alichota kwa kata. Kata moja ya mikono, kata ya uso. Na kata ikiisha, waona kwamba imeisha. Mzee aliyekaa ukingoni alikuwa akimwona mtoto achotaye kata ya kumi, na jicho lake likatosha. Kisha likaja tangi, ikaja mifereji, na birika likafukiwa kwa kifusi. Hakuna aliyekaa katika watu wa mtaa akaamua kwamba tangu leo tutafuja maji. Mkono uliacha kata, na kile kilichokuwa kikiuhesabia kikaenda pamoja na kata. Mfereji hauonyeshi mwisho, hutoa tu.

Na mtu hukisia vibaya asichokiona. Bibi mmoja mwanachuoni wa Marekani, Shahzeen Attari, aliwauliza Wamarekani zaidi ya 1,000 wakisie kazi mbalimbali za nyumbani hutumia maji kiasi gani. Habari yake ilitangazwa mwaka wa 2014. Kwa wastani walikisia nusu tu ya yale yatumiwayo kwa kweli. Sisi kama tungeulizwa kabla ya ndoo, tungeapa kwamba ni lita mbili.

Basi asubuhi tuliwakusanya watoto tukawaambia waziwazi: ubao ule tumeuandika sisi, na mwenye kufuja alikuwa ni sisi, na ndoo mmeiona. Tulikhofu wasitudharau. Badala yake walitulia kuliko siku yoyote tuliyowahi kuwakemea. Kijana wetu wa chuo kikuu alipopata habari, akatuletea uchunguzi wa pili wa Aronson, aliofanya na wenzake katika chuo kile kile, ukatangazwa mwaka wa 1992. Walisimama karibu na kidimbwi cha kuogelea wakiwangoja wanawake watokao majini kwenda bafuni. Wengine waliombwa tu watie saini tangazo la kuwahimiza watu waoge kwa muda mfupi. Wengine waliulizwa tu maswali ya kuwakumbusha wao wenyewe huogaje. Wengine walifanyiwa yote mawili, na wengine hawakufanyiwa lolote. Bafuni alikuwamo mtu akiwapima muda kwa siri. Ambao hawakuulizwa kitu walioga kwa dakika 5 hivi. Na wale waliofanyiwa yote mawili, waliowahimiza wengine huku wamekumbushwa makosa yao wenyewe, walioga chini ya dakika 4, na hapana aliyewaamrisha. Mwenye kuisoma aya ya Suratul Baqara iwalaumuyo watu waamrishao wema na kujisahau nafsi zao, hataona ajabu kwamba kukumbushwa huko huuma, na kwamba maumivu yake yafaa kitu.

Liko kosa letu la pili, nalo ni la kukemea. Kabla ya ndoo ile tulikuwa tukisimama kila alasiri tukisema, "Nyote mwafuja! Hakuna hata mmoja wenu afungaye mfereji!" Tulidhani twawatia haya. Kumbe twawapa ruhusa. Huko Arizona kuna mbuga ambayo miti yake ya kale imegeuka mawe, na wageni huokota vipande wakatia mifukoni. Robert Cialdini na wenzake waliweka vipande vyenye alama njiani, kisha wakabadilisha maneno ya matangazo. Tangazo liliposema kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande na mbuga yaharibika, vilichukuliwa karibu vipande 8 katika kila 100. Liliposema tu, tafadhali msichukue, vilichukuliwa chini ya 2. Yaani ukimwambia mtu kwamba wenziwe wote wafanya ubaya huu, jambo la kwanza alisikialo si ubaya, ni kwamba wenziwe wote wafanya. Laiti ndugu zetu makhatibu, ambao kila Ijumaa hutuambia vijana wa leo wote wameharibika, wangelizingatia hili. Twalisema kwa heshima zote, nasi tumo.

Lakini si kila afujaye ameghafilika. Yuko mzee wetu mmoja ambaye huosha mkono mara saba, mara nane, na macho yake yamejaa khofu kwamba haujatoharika. Huyo ubao haumfai, kiigizo hakimfai, na kukemewa humzidishia. Yeye ana waswasi, na dawa yake ni mtu amwaminiye katika elimu amwambie kwa upole ya kwamba mara tatu zatosha, udhu wake ni sahihi, na akiingiwa na shaka baada ya kumaliza asiirudie kazi. Tena aelezwe waliyoyasema mafakihi wetu wa Kishafii: kuzidisha mara tatu ni makuruhu hata ukiwa ufukweni mwa bahari, na maji yakiwa ni ya wakfu, kuzidisha ni haramu, kwani mwenye kuyawakifu hakuyatoa kwa ajili ya zaidi ya hayo. Maji ya mifereji ya misikiti yetu mengi ni ya wakfu. Tulimwambia hayo, amefika mara nne, nasi twashukuru.

Ama watoto, tuliwaondolea ubao na kuwaletea makopo kumi na mawili, kila kopo la lita moja. Hatukuweka kiranja wala adhabu. Sisi wenyewe tulitawadha kwa kopo mahali pa mbele, na vijana wawili wakubwa waliofahamu jambo hili wakasimama na makopo yao kwenye mifereji ya katikati, bila kusema na mtu. Wadogo walianza kuchukua makopo kabla ya wiki kwisha, kwani mtoto mdogo hupenda kushika akishikacho mkubwa. Wa rika la katikati walicheka kwanza, wakasema tumerudi zamani za kata. Baadaye wakafuata wengi wao, si wote. Makopo manne yalipotea. Moja tulilikuta nyumbani kwetu, jikoni, lina chumvi ndani, na hatukumuuliza mtu.

Kisha wale vijana wawili walisafiri kwa likizo, nasi tukaugua siku kumi. Tuliporudi, mifereji mitatu ilikuwa wazi kama zamani. Jambo liingialo kwa macho hutoka macho yakiondolewa, ila likiwa limekwisha kuwa mazoea ya mkono. Na mazoea hayaji kwa wiki tatu kwa mtoto aliyezoea mfereji tangu kuzaliwa. Tukaanza tena. Na haki isemwe: fundi alipokuja kutazama tangi alikuta kizibo kikivuja usiku kucha, akakitengeneza kwa nusu saa, na huenda kazi yake imeokoa maji mengi kuliko makopo yetu yote. Mwenye kutaka kuhifadhi maji na aanze kwa kusikiliza tangi lake usiku, watu wakilala.

Baada ya masika tuliichukua ile gilasi, tukaijaza maji ya kisima, tukabisha hodi kwa bibi jirani yetu. Alionja, akafikiri. Akasema, "Bado, Maalim. Lakini si kama ya siku ile." Akaipokea gilasi yake akaiweka kabatini.

Sasa mama mpenzi msomaji wetu, jawabu yako ni hii. Usimsomeshe mwanao hadithi ya israfu kwa muda, aijua. Tazama kwanza ni nani nyumbani mwako amwonaye akitawadha. Kama baba yake hunyoa ndevu na mfereji uko wazi, zungumza na baba yake, tena faraghani, wala si mbele ya mtoto. Wewe mwenyewe pima kwa ndoo kabla ya kumpima yeye, na ukikuta kama tulivyokuta sisi, mwambie ulichokikuta. Weka kopo mahali pa udhu, liwe jepesi na safi, mtoto asilionee haya mbele ya wenzake. Usimwambie kwamba watoto wote ni wafujaji. Na kwa kuwa umetaja katika barua kwamba ana dada yake mdogo aanzaye kusali, mpe yeye kazi ya kumfundisha dada yake udhu kwa kopo moja, hatua kwa hatua, kila alasiri, nawe kaa kando usiseme kitu. Kisha utuandikie, baada ya miezi mitatu na si kabla, utueleze maji yake mwenyewe yamekuwaje.